Siku Niliyokalia Boneti

Mama ana pumu. Nyumbani tumezoea kuisikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza mvua. Ikianza kwa kukoroma kidogo tunajua muda upo. Ikianza kupiga filimbi tunajua haupo. Jumatano ile ya likizo ya Aprili ilipiga filimbi tangu chai ya saa nne, na mvua nayo ilikuwa haijakatika tangu juzi.

Baba mkubwa ndiye pekee mwenye gari hapa kwetu karibu na Amukura. Alilinunua Malaba kwa mtu aliyevuka kutoka Uganda na haraka zake, gari la Kifaransa lenye nguvu kuliko barabara zetu. Yeye alikuwa amezoea lori. Fundi wa Malaba alimwambia nikiwa nimesimama hapo hapo: “Mzee, hii haisukumi na nyuma. Inavuta na mbele, kama ng’ombe wa plau. Kwa matope usiipige mafuta, itarukaruka mpaka ivunje ekseli.” Baba mkubwa akacheka. Lakini mimi ndiye ninayeliosha kila Jumapili, na nilikuwa nimeona magurudumu ya mbele yanavyolika kuliko ya nyuma.

Tulimweka mama mbele, karibu na dirisha, mimi nikakaa nyuma nimemshika mabega. Kila alipovuta pumzi yalipanda hadi masikioni, na kila sentensi aliyoanza ilikatikia njiani. Hospitali ya Busia wana sindano yake. Sisi tulikuwa na maji ya moto tu.

Tulipovuka daraja, kilima kilikuwa kimeoshwa changarawe yote ya murram, umebaki utelezi mwekundu. Baba mkubwa akakanyaga mafuta. Gari likanguruma pale pale, kisha mbele ikaanza kuruka. Gurudumu linazunguka bure, linashika, linateleza, linashika tena, du-du-du-du, hadi meno yangu yakagongana, na usukani ukawa unampiga baba mkubwa mikono. Kichwa cha mama kilitikisika kama cha mtoto aliyelala. Baba mkubwa akaongeza mafuta. Likaruka zaidi. Chini yetu chuma kikalia, nami nikawaza: ekseli ikikatika, mama atafia hapa kwenye matope, nikimwangalia.

Wanaume wanne waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kinu cha unga wakaja mbio.

“Boss, unataka uzito nyuma! Twende kwa buti!”

Ndivyo wanavyofanya pikapu ikikwama. Wote wanne wakarundikana juu ya buti. Pua ya gari ikainuka, na magurudumu ya mbele yakazunguka kama ya baiskeli iliyopinduliwa.

Niandike ukweli: nilijua, na nikanyamaza. Hata darasani jibu huwa ninalo na mkono haupandi. Mara moja tu nilisema, “Baba mkubwa, inavuta…” injini ikalimeza neno. Kisha filimbi ya mama ikakatika kidogo. Ukimya huo ndio ulionitoa garini.

Nilizunguka mbele na sketi yangu ya shule, nikapanda boneti, nikakaa nikitazama kioo, nikashika waipa. Bati lilikuwa la moto.

“We dada, huko ni mbele! Unataka kuwa taa?” mmoja akaniita kutoka kwenye buti, wenzake wakaangua kicheko.

Baba mkubwa akatoa kichwa dirishani. “Shuka! Una wazimu? Ukianguka nitakukanyaga!”

“Inavuta na mbele,” nikasema.

“Amesema nini?” mwingine akauliza kutoka nyuma.

“Ati inavuta na mbele,” akarudia yule wa taa, kwa sauti ambayo mimi sina. Akashuka, akainama kutazama gurudumu la mbele. “Ngojeni. Huyu dada si mjinga. Shukeni, twende kule!”

Wawili wakakaa kando yangu, wawili wakasukuma nyuma. “Na mafuta kidogo, mzee! Kidogo!”

Likaruka mara moja, mara mbili, likaacha. Likaanza kutambaa.

Hapo ndipo woga uliponishika kabisa. Gurudumu lilikuwa linasaga chini ya paja langu, na boneti lilikuwa na utelezi. Mbele ya macho yangu, ndani ya kioo, pumzi ya mama ilikuwa ikichora duara jeupe. Linakua, linapungua. Linakua. Katikati ya kilima likapungua, halikukua tena.

“Mama!”

Sijawahi kupiga kelele namna ile. Wanaume walishtuka. Gari likaendelea kutambaa. Kisha kiganja kikapita juu ya kioo, kikafuta ukungu, na macho yake yakanitafuta.

Kileleni nilirudi ndani, na hadi Busia sikuondoa sikio langu begani mwa mama. Mlangoni nesi aliyempokea akaniuliza nimeshika nini. Ilikuwa waipa. Nilikuwa nimeing’oa na sikujua.

Baada ya sindano mama alilala, akaamka, akanitazama sana.

“Nilidhani naota,” akasema, na safari hii alimaliza sentensi. “Mtoto wangu amekalia gari kama kuku.”

Nilitaka kucheka. Nililia.