Siku Niliyopima Mtikisiko kwa Mama Kabula

Jamani, hii nikiwasimulia msinicheke sana, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke niingie.

Mnajua kazi yangu ni utafiti wa kelele na mtikisiko wa treni. Tunapita nyumba zilizo kando ya reli, huku upande wa Usagara, tunapima zinavyotikisika ili wakubwa waamue kama waweke mpira chini ya mataruma yanayobeba reli au treni zipunguze mwendo. Mama Kabula, mjane, alituomba mara nyingi tufike kwake, kwa sababu kila akisema nyumba inatikisika wanawe wanamwambia ni uzee na upweke.

Nilipiga hodi, kimya. Treni ya mizigo ilikuwa inakaribia, na mimi kwa uvivu wangu wa kurudi mara mbili (mnanijua) nikasema ngoja nipime, ruhusa nitaomba akija. Kifaa kinataka sehemu ngumu na uani kulikuwa tope tupu, ila chini ya migomba niliona zege zuri limefunikwa na majani makavu, nikadhani ni chemba ya choo, nikakibandika kifaa hapo kwa jipsamu ile ya mafundi dari.

Nimepiga magoti nakisawazisha, wakatokea Mama Kabula, wanawe na katekista, wameshika mishumaa. Treni nayo ikapiga honi. Hatua ya mtu mmoja inaweza kuharibu kipimo, kwa hiyo nikainua mkono.

"Shikamooni. Samahani, msisogee, msiongee."

Wakasimama. Katekista akavua kofia (nikajisemea, watu wana adabu hawa), mabehewa yakapita, yakapita, hayaishi.

"Umemaliza, mwanangu?" Mama Kabula akauliza taratibu. "Hapo ulipo ni kwa baba yao. Tumetoka kwenye misa yake ya mwaka."

Nikavuta kifaa, kumbe jipsamu imeshaganda. Ikabidi nigonge kwa nyundo, juu ya kaburi la mtu, mbele ya watoto wake, na kikang'oka na kipande cha saruji. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka.

Mwanawe mkubwa akaniambia niondoke. Mama akamzuia.

"Kwanza aseme. Inatikisika, haitikisiki?"

"Inatikisika, mama. Sana."

Akamtazama mwanawe, yule akainamisha kichwa.

"Basi kipeleke hicho kipimo kwa hao wakubwa."

Hapo ndipo nilipoumia kweli, kwa sababu kipimo kilichochukuliwa bila mwenye nyumba kusaini ruhusa kwanza hakitumiki, kinafutwa. Nikamwambia hivyo. Mama akanigeukia.

"Mimi nimewasubiri ninyi miaka, mwanangu. Wewe umeshindwa kunisubiri nitoke kanisani."

Kaburi nililiziba kesho yake kwa mikono yangu, na ruhusa ya kupima upya alinipa. Ila siku hizi nikikuta mlango umefungwa nakaa nje namngoja mwenye nyumba, na treni acha ipite.