Udi Nilioupeleka Kibondo

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwenye udi sina mzaha. Mtu akiniletea mafuta yaliyochakachuliwa akayaita udi, namwambia palepale, na nimeshakosana na watu kwa ajili hiyo. Kule Kitanga, Kasulu, nilikopangiwa kufundisha, walimu wenzangu walinitania kwamba nanukia kama bwana harusi hata siku ya kusimamia mtihani. Niliwaacha waseme.

Kwa hiyo siku ya kwenda Kibondo kujitambulisha kwa mama wa mchumba wangu, sikuwaza kitenge wala sukari. Nilibeba chupa mbili ndogo za mafuta ya udi, moja ya Kihindi, nyingine ya Kambodia, ili mama anuse, alinganishe, achague mwenyewe. Mchumba wangu, naye mwalimu, alikuwa ameniambia wazi: baba yake alishafariki, wa kusema ndiyo au hapana ni mama, na mama akikataa hakuna ndoa.

Mama huyo aliletwa na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mtoto, na uraia alishapata zamani. Alitukalisha sebuleni, akaleta juisi ya ndizi kwenye kikombe, akapiga funda moja yeye, ndipo akanipa. Nilishangaa. Kwetu mgeni hapewi kikombe kilichokwisha guswa na mdomo. Nikatoa leso, nikafuta ukingo taratibu, nikanywa. Mchumba wangu alinikata jicho, nami sikuelewa kosa langu ni lipi.

Nikatoa chupa. Nilimweleza mama kwamba udi wa Kihindi huanza kwa ukali, unanuka zizi na ngozi mbichi, lakini ukipewa muda unatulia na kuwa mtamu. Wa Kambodia huanza na utamu, kama mapera yaliyoiva, ila hauendi mbali. Nikamwomba mikono, nikampaka kwa kijiti cha kioo, wa Kihindi kushoto, wa Kambodia kulia.

"Usisugue, mama. Ukisugua unauua."

Mimi mwenyewe sikuwa nimejipaka kitu tangu asubuhi. Anayelinganisha udi huacha ngozi na nguo zake bila harufu, pua ikichoka ainuse mikono yake, ipate kupumzika. Nilijiona fundi kweli.

Mama alisogeza mkono wa kushoto puani, akaurudisha haraka. Harufu ilikuwa imejaa sebule nzima. Akabaki ameishikilia mikono yote miwili mbali na mwili, vidole vimetanuka.

"Mbona weye hujipaki?" akauliza.

"Leo sijipaki, mama. Nataka nibaki msafi."

Mama akamgeukia binti yake, akasema kitu kwa lugha yao. Nilidaka neno moja, *uburozi*, nisijue maana yake. Kisha akasema, "Zana amazi," na hayo maji niliyaelewa bila mkalimani. Alitaka kunawa.

Mchumba wangu hakuinuka. Alinigeukia, sauti yake iko chini.

"Huku anayempa mtu kitu anaanza yeye. Mama alionja juisi ili ujue haina sumu. Ukafuta kikombe. Sasa umempaka kitu kinachonuka hivi, wewe hukigusi, halafu unasema unataka kubaki msafi!"

Kwanza nilipandwa na hasira. Kumbe *uburozi* ni uchawi wa sumu. Mimi, mchawi? Kwa udi ambao hata ndugu zangu nawanyima? Nilishafungua kinywa niseme hivyo, nikaiona mikono ya mama. Bado alikuwa ameinyoosha mbali na mwili, kama iliyoungua. Alikuwa ananiogopa, mama wa watu, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hasira yote ikaniishia, ikabaki hofu kwamba nampoteza huyu mwanamke kwa ujuaji wangu.

Nikachukua kijiti cha udi wa Kihindi, nikajipaka shingoni, mikononi, kisha nikakipitisha ulimini. Udi haukutengenezwa ulambwe, ni mchungu hadi machozi yalinitoka. Nikafanya vivyo hivyo na wa Kambodia. Mambo ya kulinganisha yalishaharibika, nami sikujali tena.

Mama alinitazama mpaka nikaanza kutokwa na jasho. Hatimaye akauvuta mkono wangu, akaunusa. Akanusa wa kwake wa kushoto, akarudi kwangu, akarudi kwake.

"Kwako bado unapiga kelele," akasema. "Kwangu umetulia. Kama moshi wa jioni zizini kwa baba, kule tulikotoka." Akaunusa wa Kambodia mara moja tu. "Huu wa watoto."

Ni hukumu ambayo ningeitoa mimi mwenyewe. Nikatabasamu, nikadhani nimepona. Lakini hakuuachia mkono wangu.

"Mume wangu alipewa kikombe kwa watu," akasema. "Mwenye nyumba hakuonja. Nilikuwa nimekaa naye karibu, nikaona. Nikaona haya kuuliza, watasema mke wa nani huyu asiye na adabu. Akanywa."

Mchumba wangu aliinamisha kichwa. Nilitambua kwamba habari hiyo hakuwahi kuisikia.

"Leo nimeuliza," mama akasema. "Sasa usikie. Chochote utakachompa mwanangu, anza weye, mbele yake. Hata kama ni maji."

Nikasema ndiyo, mama. Nikakichukua kikombe chenye juisi iliyobaki, nikapiga funda moja, ndipo nikampa mchumba wangu.