Aliyeandika Alikuwa Wapi

Truphosa alilelewa na bibi yake, Nangila, katika majengo ya zamani ya wafanyakazi upande wa chini wa mji wa Nakuru, ambako wakati wa kiangazi vumbi jeupe la ziwani huingia hadi ndani ya sufuria. Mama yake aliolewa kwingine. Baba yake, mwana wa Nangila, alipakia viazi kwenye malori huko Molo, na alishuka mjini mara moja kwa mwezi. Bibi huyo Truphosa alimwita Kukhu, kama watu wa kwao magharibi wanavyowaita bibi zao.

Majirani wote walijua jinsi mume wa Nangila alivyokufa. Wamalwa alikuwa kibarua katika kiwanda cha magunia kilichokuwa karibu na reli. Mchana mmoja wa mwaka wa 1974 ghala la katani lilishika moto. Wamalwa alikuwa ameshatoka nje akiwa mzima, lakini alisikia watu wakilia ndani, akarudi kuwatoa. Hakuonekana tena. Hakukuwa na mwili wa kuzika. Kanisani, Jumapili moja kila Novemba, majina ya marehemu husomwa na jamaa zao husimama. Nangila alisimama kwa jina la Wamalwa kila mwaka, na tangu akiwa na miaka minne Truphosa alisimama kando yake, ameshika pindo la leso.

Alipofika chuoni alisomea historia. Mwalimu wake, Madam Jepkosgei, alikuwa mama mpole wa kutoka Rongai aliyesahihisha kazi kwa penseli. Wiki ya pili aliwarudishia wanafunzi thelathini insha zao kuhusu soko moja la zamani. Ishirini na sita kati yao walikuwa wameandika mwaka uleule wa kufungwa kwa soko hilo, na mwaka huo haukuwa sahihi. Wote walikuwa wameunakili kwenye ukurasa mmoja wa mtandao ambao hata jina la mwandishi halikuwapo. Madam hakuwagombeza. Aliandika maswali matatu ubaoni akawaambia wasiyafute vichwani: nani anasema, alijuaje, na angesema vingine angepoteza nini.

Maswali hayo yalimwingia Truphosa sana. Alianza kuwauliza wenzake hosteli, akawauliza watu wa kundi la WhatsApp la ukoo waliokuwa wakisambaza habari za dawa za kienyeji, mpaka shangazi mmoja akamtoa kwenye kundi. Mwaka wa tatu ulipofika na kila mwanafunzi akatakiwa kuandika karatasi ya utafiti, alichagua moto wa kiwanda cha magunia.

Nangila alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha. Siku ya kurekodiwa alivaa kitambaa kipya cha kichwa na kukaa wima kwenye kiti cha mbao, ingawa simu ilikuwa inachukua sauti tu. Alizungumza dakika arobaini. Alieleza shati alilovaa Wamalwa asubuhi ile, na uji alioubakiza kikombeni.

Majuma mawili baadaye Truphosa alipata faili la kiwanda katika ofisi ya kumbukumbu. Lilikuwa jembamba, limeliwa na wadudu pembeni. Ndani yake kulikuwa na ripoti ya uchunguzi yenye orodha ya watu sita waliokufa, na muhuri chini yake. Wamalwa hakuwemo. Alifungua rejista ya vibarua iliyokuwa imeambatishwa. Jina lake alilipata hapo, na mbele yake tarehe ya siku ya pili baada ya moto, pamoja na neno moja la Kiingereza lenye maana kwamba ametoroka kazini.

Aliupiga picha ukurasa ule mara nne. Njiani kurudi nyumbani alijikuta tayari anaandika aya ile kichwani, na baadaye, alipokuwa akijilaumu, hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine: kwamba kabla ya kumhurumia bibi yake alikuwa amefurahi kuwa amepata kitu.

Alimkuta Nangila anachambua maharagwe kwenye ungo. Alimuuliza kama alimwona Wamalwa akirudi ndani kwa macho yake mwenyewe. Nangila akasema hapana, yeye alikuwa nyumbani na mtoto. Nani alimwambia, basi? Chesang, mwenzake wa zamu. Na Chesang yuko wapi? Alikufa zamani. Kuna mwingine aliyeona? Nangila hakumjua mwingine. Truphosa aliendelea kuuliza, moja baada ya jingine, kwa sauti ileile ya upole ya Madam Jepkosgei, mpaka bibi akauweka ungo chini.

"Truphosa, umekuja na hiyo kalamu kuniandika ama kunishtaki?"

Ndipo akamwonyesha picha kwenye simu. Nangila hakujua kusoma, kwa hivyo ilibidi amsomee na kumweleza maana yake. Bibi aliitazama simu kwa muda, ingawa hakuona chochote cha kumsaidia pale.

"Na huyo mwenye kuandika," akauliza, "yeye siku hiyo alikuwa wapi?"

Truphosa akamwambia hajui, lakini ni rejista ya kiwanda, ina muhuri. Nangila aliuchukua ungo wake akaingia ndani.

Karatasi aliiandika kwa siku tano. Ilisema kuwa kisa cha kifo cha Wamalwa kinatokana na maneno ya mjane ambaye hakuwapo, aliyeambiwa na mtu mmoja ambaye ameshafariki. Kwamba nyaraka zinaonyesha alitoroka. Na kwamba huenda familia ilijitungia kifo ili kufunika aibu ya kuachwa. Akaipeleka kwa Madam isomwe mara ya kwanza.

Ilirudi imejaa penseli ukurasa mmoja tu, ule wa rejista. Madam alimwita ofisini, akamwambia amehesabu: mama huyu mzee ameulizwa maswali kumi na manne. Rejista haikuulizwa hata moja.

"Nani aliandika hilo neno?" akasema. "Alijuaje? Na angeandika kwamba kibarua amekufa, nani angelipa fidia?"

Truphosa alisimama pale akihisi uso unamwaka. Akilini aliona ungo, na maharagwe, na swali la bibi yake ambalo lilimpita kama upepo kwa sababu halikutoka darasani.

Alirudi kwenye faili. Safari hii alisoma rejista yote. Vibarua kumi na mmoja walikuwa wameandikiwa neno lilelile, siku ileile, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja. Kati ya wale sita waliotajwa kuwa wamekufa, hakuna hata mmoja aliyekuwa kibarua. Wote walikuwa wameajiriwa rasmi. Alipomwonyesha Madam, Madam alimtahadharisha asirukie upande wa pili kwa haraka aliyorukia ule wa kwanza. Watu kumi na mmoja wangeweza kufa, na watu kumi na mmoja wangeweza pia kukimbia. Amtafute mmoja.

Ilimchukua miezi miwili, kwa simu za machifu na wazee wa kanisa. Alimpata Kiplimo huko Mau Narok, mzee wa miaka sabini na mitano, anakaa kwa binti yake kandokando ya shamba la ngano. Alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja, na alikuwa ametoroka kweli. Alisema aliogopa kwamba wangesema vibarua ndio waliowasha moto kwa sigara. Alitembea siku tatu, na alipofika kwao alikuta watu wamekaa matanga yake, kwa sababu mtu fulani alikuwa ameleta habari kwamba ameungua.

Truphosa akamuuliza kuhusu Wamalwa.

"Moshi ulikuwa mwingi, sikuona mtu," Kiplimo akasema. "Mimi na Chesang tulikimbia pamoja mpaka reli. Kama aliona mtu akirudi ndani, hakuniambia."

Alimuuliza tena kwa namna nyingine, na jibu likawa lilelile. Wale wengine tisa Kiplimo hakuwahi kusikia habari zao, wala hakujua kama kuna aliyewatafuta.

Novemba ilikuwa imeshafika. Jumapili ya marehemu Truphosa alikaa karibu na bibi yake kama kawaida. Majina yalisomwa yote na la Wamalwa halikuwemo. Baada ya ibada mchungaji alimwambia kwamba Nangila mwenyewe alikuja katikati ya wiki kuomba liondolewe, na hakutaka kusema sababu.

Jioni hiyo hiyo Truphosa alipiga magoti mbele ya kile kiti cha mbao, akaomba msamaha, na kueleza yote: mwandiko mmoja, wale kumi na mmoja, mzee wa Mau Narok. Akasema kwamba karatasi ya kiwanda huenda ndiyo iliyodanganya.

"Huenda," Nangila akasema.

"Ndiyo, Kukhu."

"Kwa hivyo sasa hujui."

"Sijui."

"Mimi nilikuwa najua," Nangila akasema. "Miaka hamsini nilikuwa najua. Sasa nikilala namwona anatembea barabara ya Eldoret, amebeba koti."

Hakuwa na hasira, na Truphosa angependelea hasira. Tangu siku hiyo, akiulizwa jambo lolote la zamani, hata jina la jirani au bei ya unga miaka hiyo, Nangila alijibu kwamba hakumbuki. Mwezi wa kwanza aliomba kwenda kukaa na mwanawe Molo, akaenda na sanduku moja.

Truphosa alimaliza karatasi yake. Kuhusu Wamalwa aliandika kwamba haijulikani, na akatumia kurasa nne kueleza ni kwa nini haijulikani. Madam alimpa alama za juu kabisa darasani. Alimwambia pia, akiwa anafunga mlango wa ofisi, kwamba yeye kama mwalimu angepaswa kuwafundisha wanafunzi jinsi ya kumuuliza mtu aliye hai, na kwamba hakuwa amelifikiria hilo.

Baridi ya Molo ilimshika Nangila kifuani. Alikufa mwezi wa saba, baada ya siku nne tu hospitalini, na wakaamua kumzika kwenye kiploti cha mwanawe, kwa kuwa kule magharibi hawakuwa na shamba tena. Kwa kuwa Truphosa ndiye msomi, aliachiwa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Aliandika mwaka wa kuzaliwa, akaandika watoto na wajukuu, akafika kwenye ndoa. Aliandika kwamba aliolewa na Wamalwa. Kalamu ikasimama hapo. Alijaribu sentensi tatu na kuzikata zote.

Baba yake alikuwa kando yake kwenye benchi, viatu vimejaa matope ya kaburi. Alisoma alipofikia, akaichukua kalamu, na kwa mwandiko wake mkubwa akaandika: aliyefariki motoni mwaka wa 1974 akiokoa wenzake. Akairudisha.

Kijana wa duka la kompyuta pale sokoni alichapa nakala mia mbili. Mvua ilinyesha asubuhi ya mazishi, na watu walijifunika vichwa kwa karatasi hizo. Truphosa aliusoma wasifu wote kwa sauti, pamoja na mstari ule, bila kusita popote. Kisha akashuka, akasimama na jamaa zake, wakaanza kurudishia udongo.