Kiboksi cha Kupimia Vumbi Kilichovalishwa Nailoni

Mimi nikiulizwa kitu darasani hujibu kwa sauti ya mbu. Kwa hiyo mwalimu wetu wa jiografia alipouliza nani atakaa na kifaa cha kupima hewa nyumbani kwao, wenzangu wote walitoa sababu, na mimi, kwa kushindwa kusema "hapana", nikawa nimekubali.

Kifaa chenyewe ni kiboksi cheupe, kidogo kuliko sufuria ya uji. Mwalimu alitueleza kazi yake. Huko juu kuna satelaiti zinazotazama jinsi mwanga wa jua unavyofifia kwenye hewa yenye moshi na vumbi. Kompyuta inachukua hayo na kukadiria zile chembe laini, ambazo jicho halizioni, ni kiasi gani huku chini tunakovuta pumzi. Wanachora ramani ya dunia nzima. Tatizo, satelaiti inaona hewa yote kwa pamoja, toka juu mpaka chini, na udongo wetu mkavu unavyong'aa juani unaichanganya. Ndiyo maana panatakiwa kifaa cha ardhini cha kuihakiki.

"Kwetu hapa wanakisia tu," alisema mwalimu. "Sasa tuwasaidie."

Naishi Ipagala kwa shangazi, dada yake baba, anayefuma vitambaa na kuviuza Chang'ombe. Kwake kila kitu kina kitambaa: redio, friji, hadi mtungi wa gesi. Rimoti ya TV iko ndani ya nailoni yenye raba bendi, na tangu inunuliwe haijaguswa na kidole cha mtu. Nilipotundika kile kiboksi kwenye nguzo ya baraza, aliniuliza swali moja tu.

"Cha kwetu au cha watu?"

"Cha shule, shangazi."

"Haya. Nitakitunza."

Namba zilikuwa zinakwenda zenyewe kwenye kompyuta ya mwalimu. Wiki ya pili akaniita ofisini, anacheka. Ulikuwa mwezi wa nane, upepo unavuma mpaka ukifunga mdomo meno yanasaga mchanga, na ramani ilisema hivyo hivyo. Kiboksi changu kilisema Ipagala mchana kutwa hewa ni safi kabisa.

"Unaona? Satelaiti inatuonea! Jumamosi, siku ya wazazi, utawaeleza watu. Jumatatu nawatumia wenye ramani hizi namba warekebishe."

Alhamisi nilisahau daftari, nikarudi nyumbani saa nne asubuhi. Kiboksi kilikuwa ndani ya nailoni, ile ya kabla mifuko haijapigwa marufuku, kimebanwa kwa raba bendi, na juu kimefunikwa kitambaa cha maua. Kumbe kila nikitoka shangazi anakivalisha, na jioni upepo ukitulia, kabla sijarudi, anakivua.

Nilichukua daftari nikaondoka. Kusema ukweli, Ijumaa pia nilinyamaza. Nilijiambia dunia ni kubwa, Ipagala wakikosea kidogo nani atajua?

Jumamosi shangazi alikaa mstari wa mbele na kitenge kipya. Nikasimama. Mwalimu akauliza kwa nini kwetu hewa ni safi kuliko ramani inavyosema. Nikatazama viatu vyangu. Nikaifikiria ile Jumatatu, uongo wetu unaingia kwenye ramani ya watu wote.

"Kilikuwa kimefunikwa," nikasema.

"Sauti!" akadakia mzazi mmoja wa nyuma.

"KILIKUWA KIMEFUNIKWA!"

Shangazi akainuka kabla sijamtaja. "Nilikifunika mimi! Kifaa cha watu nikiache kiliwe na vumbi? Vumbi la pale kwangu unalijua wewe, mwalimu?" Akatoa kile kitambaa kwenye mkoba. Alikuwa amekuja nacho ili waone jinsi alivyokitunza kifaa chao. Akakikung'uta mara moja. Mstari wote wa mbele ukapiga chafya.

"Mama," alisema mwalimu akifuta miwani, "hilo linaloonekana ni kubwa. Tunalolitafuta ni dogo zaidi."

"Basi hilo dogo nalo limo humo humo."

Mwalimu alizifuta namba zote, na Jumatatu hakutuma kitu. Kiboksi kikarudi kwenye nguzo, safari hii uchi. Namba za sasa zinakaribiana na za ramani, na shangazi amezichukulia vibaya. Jana kanikuta nazisoma kwenye daftari.

"Hiyo ndiyo ya kwangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Haiwezekani. Nafagia mara mbili kwa siku. Hiyo ni ya jirani, imeruka ukuta. Waandikie hivyo."

"Hapana, shangazi."

Tukatazamana. Sijui nani alishtuka zaidi.