Chaza Tuliowahamishia Kwenye Kina

Siku ya kwanza kazini nilimwambia Msimamizi kwamba kwetu Ntobeye, wilayani Ngara, shamba ni la migomba na kahawa. Alicheka, akanionyesha kamba zilizoshikilia vikapu vya chaza baharini.

"Hili nalo ni shamba, binti. Ila mazao yake huyaoni mpaka uyafungue."

Nilikuwa nimemfuata mume wangu pwani. Nilianza kwa kusugua magamba, kisha nikahamishiwa chumba cha kupandikiza, chini ya Fundi Mkuu, Bi Zuhura. Alinifundisha kumfungua chaza kidogo tu na kumwekea kiini, yaani kitufe kilichochongwa kutokana na gamba, pamoja na kijipande cha nyama ya chaza mwingine. Chaza hukizungushia tabaka juu ya tabaka. Hiyo ndiyo lulu ya kufugwa. Ya asili huanza yenyewe, bila mkono wa mtu. Ni adimu mno, ndiyo maana thamani yake huwa juu.

"Lakini zote ni lulu za kweli," Bi Zuhura alisema. "Tazama mng'ao kwanza, uuone uso wako humo. Halafu umbo, ngozi, ukubwa na rangi."

Mwaka mmoja masika yalizidi. Maji ya mto yalijaa ghubani, na chaza hawa hawavumilii maji yasiyo na chumvi. Wakaanza kufa. Msimamizi alitaka tusubiri mvua ipungue.

"Bosi, tukisubiri tutavuna magamba matupu," alisema Bi Zuhura, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga. "Tuwapeleke kwenye kina, huko chini maji bado yana chumvi."

Tuliingia majini sote, yeye akiwa na homa, tukavuta kamba moja moja. Chaza wengi walikufa. Waliopona walituzalia lulu zenye mng'ao ambao sijauona tena. Bi Zuhura hakuziona. Ile homa ilikuwa nimonia. Tulimzika kabla ya mavuno. Nilizitoa mimi, nimekaa kwenye kiti chake.

Sasa nimestaafu, nimerudi Ntobeye. Juzi mjukuu wangu alitoka sokoni Biharamulo na mkufu.

"Shikamoo bibi. Hizi ni lulu za kweli?"

"Marahaba. Hebu sugua moja kwenye jino. Ya kweli hukwaruza kidogo, kama ina vumbi."

Yake iliteleza. Nikamwambia imempendeza, na kweli ilimpendeza.

Bi Zuhura hakuamini kwamba Tanzania kuna mahali, kama huku kwetu, watu huota moto asubuhi. Alisema akistaafu atakuja ajionee. Mwaka huu baridi ni kali. Natamani angekuwapo, nimpe blanketi, asogee motoni.