Bwana Harusi Aliyeitwa Kaka

Mtaani walimwita Redio, na hawakukosea. Kazi yake ilikuwa kuingiza Kiswahili kwenye filamu za kigeni. Anakaa chumba cha nyuma cha duka la filamu, magodoro manne makuukuu yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za barabarani, maiki mdomoni, filamu ikianza na yeye anaanza. Polisi ni yeye, jambazi ni yeye, bibi kizee ni yeye, hata mbwa akibweka alituelezea anabweka kwa nini. Tena alikuwa na mwiko: harekodi mara mbili. Akiteleza anasonga mbele kama hakuteleza, maana alisema maneno yakirudiwa yanapoa.

Sasa sikia kituko. Mtu huyohuyo akifika nyumbani alikuwa bubu. Mkewe, fundi cherehani, alimpa habari za kutwa nzima akajibiwa "mm". Miaka sita ya "mm". Zamani walau walikwenda wote kazini, mke akaketi kwenye kiti cha plastiki pembeni na kusema sehemu za wanawake, na huko ndiko walikozungumza kama mtu na mkewe, kwa maneno ya watu wengine. Halafu wateja wa nguo wakazidi, kiti kikabaki kitupu. Siku moja mama wa watu akafunga virago, akahamia kwa dada yake, mitaa miwili tu kutoka hapo. Mlangoni alimwambia jambo moja, kwamba mji mzima unaisikia sauti yake isipokuwa yeye mkewe. Redio akajibu "mm". Jamani! Hata mimi ningeondoka.

Miezi minane ikapita. Majirani wakiuliza, aliwaambia mkewe yuko kwa dada yake, anamuuguza. Dada mwenyewe tulimwona sokoni kila siku, buheri wa afya, tukajitia hamnazo. Kandambili za mkewe alizifuta vumbi kila asubuhi na kuzirudisha palepale mlangoni. Alikuwa anamsubiri. Mengine yote, hata kazi, yalikuwa ya kupitishia muda tu.

Ndipo mwenye duka, mama mmoja asiye na masihara, akamletea filamu ya mapenzi iliyoombwa na wanawake wa saluni. Mwanamke anaachana na mwanamume aliyempenda kupita kiasi. Analia nusu saa nzima, anapata kazi, anaanza kucheka tena. Mwishoni yule wa zamani anamkuta stesheni, anamwomba warudiane. Mwanamke anakataa kwa upole na kupanda treni. Picha ya mwisho ni harusi yake na mtu mwingine.

Redio alikwenda vizuri hadi stesheni. Mwanamke akafungua mdomo kukataa. Redio akaibana sauti yake ikawa nyembamba ya kike, akasema: "Nisubiri. Naenda kuchukua nguo zangu, nitarudi." Treni ikaondoka. Mara hiyo harusi, shela na maua! Kurudia harudii. Ikabidi aseme bwana harusi huyo ni kaka yake, anamsindikiza. Kwa bahati mbaya kaka akambusu dada yake mdomoni, tena bila haraka.

Filamu ikatoka hivyohivyo. Saluni walicheka mpaka wakasahau dawa vichwani. Kila Redio alipopita aliulizwa kaka hajambo. Mwenye duka hakucheka. Alimwambia arekodi upya mwisho ule kabla ya Alhamisi, la sivyo aache ufunguo. Basi Redio akavunja mwiko wake. Mara tatu aliwasha mashine, mara tatu mwanamke wa filamu alifungua mdomo, na yeye akaizima.

Jumatano mchana mlango ukagongwa. Alikuwa mkewe. Alikuwa ameiona filamu saluni, na yeye peke yake hakucheka. Redio akamfutia kile kiti cha plastiki kwa mkono wa shati. Alidhani ujumbe umefika.

Na kweli ulikuwa umefika. Mkewe alikaa, akamweleza taratibu kwamba amepata chumba cha kushonea mji mwingine, na Ijumaa anahama. Alikuwa amepanga kuondoka kimyakimya. Ila baada ya kuyasikia yale maneno ya stesheni aliona si haki kumwacha mtu akingoja.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Siyo yule wa kwenye filamu."

Redio akafungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, naapa, ya miezi minane. Yakagoma kutoka. Mkewe akaivuta maiki katikati yao na kumwambia awashe.

Akawasha. Stesheni ikatokea, mwanamume akaanza kuomba, na Redio akaomba naye kwa sauti yake ya kawaida, bila madoido. "Rudi nyumbani. Nilikuwa nakusikia siku zote. Nilikuwa sijui kujibu tu."

Hayo hayakuwamo kwenye filamu, na mkewe alijua hayamo.

"Nimekusikia," akasema, huku midomo ya mwanamke kwenye picha ikichezacheza. "Lakini nilingoja mpaka nikachoka, na sasa nimezoea kuishi bila jibu. Sikuchukii. Usinisubiri."

Baada ya hapo mwanamume wa filamu anabakiwa na neno moja tu, na nafasi ya kulisema ni ndogo kwa sababu treni imeshaanza kusogea. Redio akaisogelea maiki.

"Nenda salama," akasema.

Harusi ikaja, na safari hii bwana harusi akaitwa bwana harusi. Mkewe akasimama, akampa mkono, akatoka. Redio alikaa pale kati ya magodoro yake mpaka mwenye duka alipokuja kufunga.

Alhamisi filamu ikasambazwa upya. Watu waliisifu, wakasema mwisho huo umewaliza. Jioni Redio alirudi nyumbani kwa miguu, na kila duka lililowasha runinga, kila saluni, mkewe alikuwa ndani anamwambia asimsubiri. Alipofika mlangoni aliziokota zile kandambili, akazifuta vumbi, akazitia mfukoni na kwenda kumpelekea kwa dada yake.