Kanga Walioshikwa kwa Mkono

Wewe ni mtu wangu, kwa hiyo hili nakwambia kama lilivyokuwa, bila kulipamba.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Mume wangu yuko safarini na lori, na mdogo wake akaja kwangu Chapwa akitokea shambani Itaka. Kwenye kiroba ana kanga wa porini watatu, wazima.

"Shemeji, fungua banda! Nimewakamata kwa mkono, hata hawakuruka!"

Mama mkwe alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi. Akainua mikono juu. "Ni Mungu yule yule aliyewapa wana wa Israeli kware jangwani. Wafungulie, mwanangu, wakae na kuku, watatuzalia."

Mimi nikasita. Nimekulia Itaka. Kanga wa porini unamwona kwa mbali tu, ukipiga hatua kashapotea. Anayekubali kushikwa ana shida. Nikampapasa mmoja kifuani: mfupa umesimama kama makali ya panga, nyama hakuna. Kuharisha kumemgandisha manyoya ya nyuma.

Na mle bandani mna kuku wangu, ambao mayai yao ndiyo yanamsomesha binti yangu.

Nikaziba mlango wa banda. "Hawaingii."

Shemeji akacheka. "Hiyo shule yako ya jioni, kumbe mlifika mpaka darasa la kuku?"

"Cheka tu. Hawaingii."

"Unamkatalia Mungu zawadi yake?" Mama mkwe aliuliza polepole, na hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu mkamwana hambishii mama mkwe. Naomba moyoni, Bwana nipe maneno.

"Samahani, mama. Hata wale waliokula kware jangwani, tauni iliwapiga nyama ikiwa bado kwenye meno. Tumchinje mmoja. Akiwa safi tumboni, banda nafungua mwenyewe."

Akaweka gunzi chini. Halafu akamwambia mwanawe, "Chinja."

Nilipasua mimi. Nikikosea hapa, nilijua, sitasikilizwa tena nyumbani kwangu. Utumbo ulikuwa umevimba, mgumu kama kamba iliyolowa. Nilipoufungua ikamwagika minyoo myeupe, kama tambi zilizopikwa, imeshonana mpaka chakula hakina pa kupita. Yule ndege alikuwa anakula na bado anakufa njaa.

Shemeji akainama, akazoa ule utumbo kuwatupia kuku, kama tunavyofanya wote siku zote.

"Acha!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Mayai ya minyoo yamo humo humo na kwenye kinyesi. Kuku wakidonoa, tumewapa wenyewe!"

Akabaki ameushika, hajui auweke wapi.

"Umesikia," mama mkwe akamwambia. "Chimba shimo."

Wale wawili tuliwachinja pia wasiteseke, walikuwa vilevile. Tukachoma, tukafukia, hata kiroba.

"Baraka zangu zote shimoni," shemeji akanung'unika.

"Nyamaza, chimba zaidi," akajibiwa na mama yake.

Minyoo michache ndege wa porini huwa nayo, na anakimbia vizuri tu. Ikizidi, wakati wa kiangazi chakula kikiwa haba, anakonda, mbawa zinachoka, mwewe anamwokota. Au wewe.

Basi mwambie mwenye mtego, mwambie na mwenye banda. Kama Kiswahili kinamsumbua, mwambie kwa lugha ya kwao, ila usiruke pale pa utumbo.